Makobola moja, teritware mbili: karatasi ya mtoto ifuate njia gani?

Abiria anayetoka Uvira kwenda Baraka kwa barabara ya taifa namba 5 anaweza kupita Makobola bila kutambua kwamba amevuka mpaka. Ziwa liko kushoto, milima iko kulia, mihogo imeanikwa kando ya njia, na dereva wa pikipiki hapunguzi mwendo kwa sababu hiyo. Lakini amevuka. Makobola ya kwanza ni ya teritware ya Uvira, katika usultani wa Bavira. Makobola ya pili ni ya teritware ya Fizi, katika sekta ya Tanganyika, grupema ya Balala Kaskazini. Jina ni moja, ziwa ni moja, ndagala ni zilezile. Mbele ya Leta, hawa ni watu wa nyumba mbili.

Kwa siku nyingi hilo halimsumbui mtu. Watu wanaoana, wanalima, wanauziana samaki, wanazikana, bila kuulizana habari ya grupema. Shida inaanza siku mtu anapohitaji karatasi.

Chukua mama wawili waliojifungua juma moja, mmoja huku, mwingine kule. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto kwenye etasivili. Ofisi kuu ya kuandikisha iko kwenye komini, kwenye sekta au kwenye usultani. Kwa hiyo mama wa Makobola ya kwanza anatazama Uvira, makao ya usultani wa Bavira. Mama wa Makobola ya pili anatazama Mboko, makao ya sekta ya Tanganyika, upande wa kusini. Na neno likimshinda chefu wa sekta, likahitaji mkono wa administrata wa teritware, huyu wa pili atafunga safari mpaka Fizi-centre: apite Mboko, apite Baraka, apande mlima, kilomita karibu mia moja. Uvira, mji anakouza mihogo yake na anakompeleka mgonjwa, uko jirani. Karatasi yake tu ndiyo haiko huko.

Kuna watakaosema kwamba hii ni habari ndogo. Mtoto asiyeandikwa anaanza shule hivihivi, anakua hivihivi. Ni kweli, mpaka siku atakapoombwa cheti cha kuzaliwa ili afanye mtihani wa serikali, au achukue pasipoti, au athibitishe kwamba shamba la marehemu baba yake ni lake. Siku hiyo, nauli ambayo mama hakuwa nayo inageuka kuwa kesi. Na katika eneo ambako watu wamekimbia vita mara nyingi, wengine wakavuka ziwa mpaka Kigoma na kambi ya Nyarugusu, mtu anayerudi bila karatasi anaweza kuulizwa kama kweli ni Mkongomani. Hapo si habari ndogo tena.

Mpaka huu una wazazi wake. Wabelgiji walitambua usultani kwa amri ya mwaka 1910, kisha amri ya tarehe 5 Desemba 1933 ikaleta sekta. Walipomkuta mwami waliyemwona ana watu wa kutosha, walimwachia usultani wake. Walipokuta koo nyingi zisizo na mkubwa mmoja, walizikusanya pamoja wakaziita sekta. Wavira walikuwa na mwami. Wabembe walikuwa wakijiongoza kwa koo zao, bila mwami mmoja juu ya wote. Ndiyo maana hadi leo Fizi ina sekta nne, Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge, na haina usultani hata mmoja. Uvira nayo ina masultani watatu, wa Bavira, wa Bafuliiru na wa Uwanda wa Ruzizi, na haina sekta. Utawala wa Mobutu ulibadilisha majina, na wazee bado wanasema «kolektivite». Mistari yenyewe ilibaki karibu vilevile.

Ajabu ni kwamba maneno mengi ya utawala wetu yalitoka kwa Wafaransa kupitia Wabelgiji, ila wazo lililokuwa ndani ya maneno hayo lilibaki njiani. Wabunge wa mapinduzi ya Ufaransa, kati ya 1789 na 1790, waliigawa nchi yao katika departema 83. Majimbo ya zamani kama Bretagne, Normandie na Provence, yaliyokuwa na fahari na desturi zake, yalifutwa kwenye ramani ya utawala. Departema zikapewa majina ya mito na milima, ili asipatikane mtu wa kusema hii ni ya ukoo wangu. Inasimuliwa kwamba kipimo chao kilikuwa farasi: raia aweze kufika kwenye mji mkuu wa departema yake kwa mwendo wa siku moja. Sheria ya tarehe 17 Februari 1800, ya wakati wa Bonaparte, ikaweka prefe juu ya departema, ikaikata departema katika arondisema, na chini kabisa ikaacha komini, kila moja na meya wake. Kantoni nayo ipo katikati, lakini siku hizi kazi yake kubwa ni kura: tangu 2015 kila kantoni inachagua washauri wawili wa departema, mwanamke na mwanamume.

Wafaransa hawakuwa malaika. Walifuta majimbo ili kuvunja nguvu za mabwana wa zamani, na lugha za wenyeji ziliumia vibaya katika kazi hiyo. Wenyewe leo wanalalamika kwamba ngazi zao zimezidi. Lakini aliyechora departema alikuwa anajibu swali moja: ofisi iko mbali kiasi gani na raia? Aliyechora usultani na sekta za Kivu alikuwa anajibu swali lingine: huyu ni mtu wa nani?

Swali hilo la pili bado liko kwenye kila fomu. Mkongomani anayejaza karatasi ya Leta huulizwa anakaa wapi, halafu huulizwa asili yake: kijiji, grupema, sekta au usultani, teritware, jimbo. Mtu aliyezaliwa Uvira mjini, akasoma Uvira, akaoa Uvira, anaandika kijiji cha babu yake ambacho huenda amekiona mara mbili. Asili ina thamani yake, hakuna anayetaka kuifuta. Ubaya unakuja pale ambapo huduma nayo inafuata asili, wakati miguu ya mtu inafuata barabara.

Kwa sababu hiyo, kila mara mtu anapotaka kusogeza ofisi karibu na watu, jirani anasikia kwamba anataka kusogeza ardhi. Mfano mkubwa uko juu ya milima hiyohiyo inayoitazama Makobola. Amri ya waziri mkuu ya tarehe 13 Juni 2013 iliifanya Minembwe kuwa komini ya vijijini. Kwa miaka saba ilikaa kwenye makaratasi. Tarehe 28 Septemba 2020, waziri wa ugatuzi wa wakati huo, Azarias Ruberwa, alipanda Minembwe kwenye sherehe ya kumsimika meya wa komini, na nchi nzima ikawaka maneno. Banyamulenge wengi waliona hatimaye wamepata ofisi, baada ya miaka ya kutembea siku kadhaa kutafuta saini. Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu na Wavira wengi waliona kipande cha nchi ya mababu zao kinakatwa na kupewa wengine. Siku kumi baadaye, tarehe 8 Oktoba, Rais Félix Tshisekedi akiwa Goma alitangaza kwamba amefuta hatua hiyo na kwamba wataalamu watalichunguza jambo upya.

Nani alikuwa na haki? Pande zote mbili zilikuwa zikisema jambo la kweli kuhusu mambo mawili tofauti. Mmoja alisema juu ya umbali, mwingine juu ya ardhi. Komini, kwa sheria yetu, hubeba yote mawili pamoja: ina mipaka, ina bajeti, ina mkuu, na inachukua eneo kutoka kwa sekta au usultani uliokuwepo. Ndiyo sababu haikuwezekana kumpa mmoja ofisi bila mwingine kuhisi ameibiwa shamba.

Sasa angalia ramani nyingine, ambayo watu wanaitumia kila siku bila kuiita ramani. Kivu Kusini ina teritware nane, lakini ina zoni za afya 34. Teritware ya Fizi peke yake ina nne: Fizi, Nundu, Kimbi-Lulenge na Minembwe. Ndiyo, Minembwe. Jina lilelile lililochoma nchi mwaka 2020 lilikuwa tayari ni jina la zoni ya afya, yenye daktari wake mkuu, dawa zake na chanjo zake, na zoni hiyo haikuzua vurugu kama zile. Sababu ni rahisi. Zoni ya afya haimpi mtu ardhi, haimvui mtu uchifu, haibadilishi asili ya mtu kwenye fomu. Inauliza tu mgonjwa yuko wapi na hospitali iko wapi. Waliochora zoni za afya walikuwa, bila kukusudia, karibu zaidi na yule Mfaransa na farasi wake.

Hapo ndipo Makobola inaweza kupata njia yake bila kugombana na mtu. Mpaka kati ya Uvira na Fizi ubaki ulipo. Mwami wa Bavira abaki na watu wake, sekta ya Tanganyika ibaki na vijiji vyake, Balala Kaskazini ibaki Balala Kaskazini. Kinachotakiwa kusogea ni daftari. Sheria ya familia yenyewe inaruhusu ofisi ndogo za etasivili mbali na ofisi kuu. Ofisi ndogo moja Makobola, yenye madaftari mawili mezani, moja la usultani wa Bavira na moja la sekta ya Tanganyika, ingewahudumia mama wote wawili siku moja. Mtoto wa Makobola ya pili angeandikwa kwenye daftari la Fizi, na nakala ingekwenda Mboko. Hakuna ardhi iliyohama. Aliyepumzika ni mama.

Ufaransa imelazimika kufanya jambo la namna hiyo. Nchi ile ina komini karibu 35,000, nyingine zenye wakaaji wasiofika mia moja, na mameya wengi hawakubali komini zao zifutwe. Walichofanya ni kuziunganisha kwa kazi: komini jirani zinashirikiana kwa maji, kwa takataka, kwa basi la watoto wa shule, huku kila moja ikibaki na jina lake na meya wake. Kongo, nchi kubwa mara nne zaidi ya Ufaransa, ina sekta 471 na masultani 264. Jumla 735. Hiyo ndiyo idadi ya meza ambazo raia wa vijijini anaweza kukutana na utawala wenye sahihi na bajeti, kwa sababu grupema na kijiji, kwa sheria, havina uwezo huo wa kisheria. Hata teritware haina. Anayeshangaa kwa nini ofisi iko mbali, aanze na namba hiyo.

Tena meza hizo 735 nyingi ni tupu. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa sekta, masultani, komini na miji asilimia 40 ya sehemu ya mapato ya taifa inayotengewa jimbo. Waulize watumishi wa sekta yoyote kando ya ziwa ni lini mara ya mwisho waliona pesa hiyo kamili na kwa wakati. Wanaishi kwa kodi ya soko na karatasi wanazouza, na ndiyo maana karatasi ambayo ingetolewa bure inapata bei. Sheria hiyohiyo inataka sekta iwe na baraza lililochaguliwa, na baraza limchague chefu wa sekta. Wakongomani wamepiga kura mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023. Desemba 2023 hata washauri wa komini walichaguliwa, lakini katika miji mikuu ya majimbo tu. Sekta bado zinangoja. Mtu wa Makobola ya pili amekwisha kumchagua rais mara kadhaa na hajawahi kumchagua hata mshauri mmoja wa kumuuliza kwa nini etasivili iko Mboko.

Serikali inayo njia nyingine ya kuonyesha kwamba teritware ni ya maana: mpango wa maendeleo uitwao PDL-145T, uliopewa jina kwa hesabu ya teritware 145 za nchi, wenye ahadi ya shule, vituo vya afya na majengo ya utawala. Ni jambo jema. Ila pesa inayogawanywa kwa teritware ina tabia ya kubaki kwenye makao ya teritware, na kijiji cha mpakani hubaki mkiani pande zote mbili. Kwa Uvira, Makobola ni mwisho wa kusini. Kwa Fizi, ni mwisho wa kaskazini. Wabunge wa kitaifa nao huchaguliwa kwa teritware au kwa mji: Makobola ya kwanza inapigia kura orodha ya Uvira, ya pili orodha ya Fizi, na pande zote mbili ni kura chache za pembeni.

Litakuja pingamizi, na ni la haki. Mzee wa Fizi atasema: leo mnatuletea daftari moja na Uvira, kesho mtasema watu hawa ni wa Uvira. Viti vya ubunge hugawanywa kwa hesabu ya waliojiandikisha kupiga kura, na nchi haijahesabu watu wake tangu mwaka 1984. Kwa hiyo kila jina kwenye kila orodha lina uzito. Mzee wa Uvira naye ana hofu yake, akikumbuka ugomvi usiokwisha juu ya nani awe chefu wa grupema ya Bijombo, huko juu, ndani ya usultani huohuo wa Bavira. Hofu hizi hazikutoka hewani. Mwaka 1999 waasi wa RCD walitangaza teritware ya Minembwe bila kuwauliza majirani, na wenye kumbukumbu wanajua ramani ilivyotumiwa wakati ule kama silaha.

Makobola hasa inajua. Kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, watu zaidi ya 800 waliuawa Makobola ya pili na katika vijiji vya jirani, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010, ripoti ambayo inawataja askari wa RCD na washirika wao wa Rwanda na Burundi. Katika mahali kama hapo, mtu akikuambia kwamba jina la kijiji chake libaki kwenye teritware yake, usimwone mshamba. Jina hilo ndilo liko kwenye ripoti. Ndilo wanalolishika wanaodai haki ya wafu wao.

Kwa hiyo makubaliano yoyote ya ofisi ya pamoja yanapaswa kuandikwa, kusomwa mbele ya watu, na kusema wazi kwamba kuandikishwa mahali fulani hakubadilishi teritware, wala sekta, wala asili ya mtu. Mwami wa Bavira na chefu wa sekta ya Tanganyika waweke sahihi wote wawili, na administrata wote wawili wawe mashahidi. Bila karatasi hiyo, ni afadhali mambo yabaki yalivyo, kwa maana ofisi iliyowekwa kwa hila itachomwa siku ya kwanza ya fitina.

Gharama yake si ya kutisha: chumba, kabati lenye kufuli, karani wawili wanaolipwa, na pikipiki moja ya kupeleka nakala Uvira na Mboko kila mwisho wa juma. Bunge la jimbo la Kivu Kusini hukaa kwa ajili ya bajeti katika kikao kinachofunguliwa mwisho wa Septemba. Waliochaguliwa Uvira na waliochaguliwa Fizi huketi humo chumba kimoja, na ukurasa wa matumizi ya sekta na usultani hupita mbele ya macho yao wote.